Tønder, Mji wa Viti na Lesi

Kuna miji ambayo watu huiendea kwa sababu ya jina lake, na kuna miji ambayo watu huipita tu wakienda kwingine. Tønder ni wa namna ya pili. Uko pembeni kabisa ya Denmaki, upande wa kusini-magharibi, mwendo wa kilometa nne au tano toka mpaka wa Ujerumani, na wakaaji wake ni watu 7,500 hivi. Mgeni ashukaye Copenhagen hukaa huko siku tatu, hutazama makumbusho, hununua taa ya mezani, hurudi kwao. Wenye magari waendao kusini hushika barabara kuu ya mashariki, mbali na Tønder. Hata Wadenmaki wenyewe tuliosema nao njiani waliutaja mji huo kama mtu amtajavyo shangazi mzee ambaye hajamwamkia siku nyingi.

Basi sisi tulikwenda, na sababu ya safari yetu ilikuwa kiti. Msicheke. Siku hizi wako watu wenye nafasi ambao hawasafiri tena kwa ajili ya jua wala pwani, bali kwa ajili ya vitu vilivyotengenezwa vizuri. Hutaka kulala katika nyumba ambayo kitasa cha mlango kilifikiriwa, kula katika sahani yenye fundi anayejulikana, kukaa katika kiti ambacho mtu alikipiga randa kwa mwaka mzima hata akaridhika. Watu hao huiita namna hiyo ya kusafiri anasa. Nasi tulipoisikia habari yake tulikunja uso kidogo, kwa maana neno lenyewe katika lugha yetu halina sifa njema: mtu wa anasa ni mtu asiyefaa kuazimwa hata jembe. Lakini kukunja uso si kujibu swali. Tulitaka kuona kwa macho kama kuna anasa ambayo mtu mwenye haya anaweza kuipenda.

Safari ya gari la moshi toka Copenhagen ni ya saa nne na zaidi. Unavuka kisiwa cha Sjælland, unapita daraja na njia ya chini ya bahari, unavuka kisiwa cha Fyn, ndipo unafika bara la Jylland. Huko unaliacha gari kubwa na kupanda dogo, ambalo husimama kila penye nyumba nne. Nchi inakuwa tambarare mpaka inachosha. Hakuna kilima, hakuna msitu wa haja. Majani tu, mifereji, kondoo, na mbingu kubwa mno. Mtu aliyezoea milima hujisikia kama ameondolewa kofia.

Lazima tuseme wazi kwamba usiku wetu wa kwanza haukuwa mwema. Tulikuwa tumechagua nyumba ya wageni nje ya mji, iliyosifiwa kwa uzuri wake, na kwa kweli ilikuwa nzuri ya kutazamwa. Kuta nyeupe, sakafu ya mbao iliyosuguliwa kwa sabuni, na katika kila chumba vitu vitano tu. Lakini taa haikuwa na mahali pa kuwashia ambapo macho yetu yangeweza kupaona. Tulipapasa ukuta kama vipofu, mwishowe tukalala na taa inawaka. Kiti kilichokuwa karibu na dirisha kilikuwa chembamba sana, nacho kiliegemea nyuma hata mtu aliyekikalia alitazama dari. Na bei ya chumba ilikuwa ya kumfanya mtu ahesabu mara mbili. Asubuhi tulisemezana: kama hii ndiyo anasa ya ufundi, afadhali mkeka. Tunalitaja jambo hili kwa sababu lilitufundisha kutofautisha. Kuna vitu vilivyobuniwa ili visifiwe, na kuna vitu vilivyobuniwa ili vitumiwe. Na kwa mbali vyote viwili hufanana.

Siku ya pili tulihamia katikati ya mji, tukaanza kutembea kwa miguu. Tønder ulipewa hati ya mji mwaka 1243, na Wadenmaki huuhesabu kuwa wa kwanza miongoni mwa miji yao ya biashara kupata hati ya namna hiyo. Njia nzuri kupita zote ni Uldgade, kichochoro cha mawe ambamo watu watatu wakitembea bega kwa bega wamekijaza. Nyumba zake ni fupi, za matofali, na kila moja ina dirisha lililotokeza nje ya ukuta kama kijumba kidogo cha vioo. Maana yake si pambo. Mtu aliyekaa ndani ya dirisha hilo hupata nuru toka pande tatu, na tena huona nani apitaye njiani, kulia na kushoto, bila kuinuka. Mwanamke mzee mmoja alikuwa amekaa katika moja ya madirisha hayo akinywa kahawa. Alitutazama tangu mwanzo wa njia hata mwisho wake, nasi tukaona haya tukamwamkia kwa kichwa. Huo ndio ubunifu hasa. Fundi asiyejulikana jina, miaka mia mbili au zaidi iliyopita, alijua mambo mawili: kwamba kazi ya mikono inahitaji nuru, na kwamba binadamu hapendi kupitwa na habari.

Kanisa la mjini, Kristkirken, lilijengwa upya kuelekea mwisho wa karne ya 16, lakini mnara wake ni wa kanisa lililotangulia. Waliuacha kwa makusudi, kwa sababu mabaharia waliutumia kujua njia. Mabaharia! Ukisimama leo chini ya mnara huo huoni maji ila mto mdogo uitwao Vidå. Lakini zamani jahazi zilifika Tønder, na mji ulikula kwa bahari. Kisha, katika miaka ya 1550, watu wakajenga matuta marefu ya udongo upande wa magharibi ili kuzuia mafuriko. Mashamba yakaokoka, ng'ombe wakaokoka, na bandari ikafa. Mji mmoja ukapoteza bahari yake kwa sababu ya hekima ya kujikinga nayo. Tangu hapo Tønder umekuwa ukitafuta kitu kingine cha kuishi nacho, na mara mbili umekipata katika kazi ya vidole.

Mara ya kwanza ilikuwa lesi, nasi tutairudia. Mara ya pili ilikuwa viti, ingawa viti hivyo havikutengenezwa Tønder hata kimoja. Hapo ndipo penye kisa chetu.

Karibu na makumbusho ya mji umesimama mnara wa tangi la maji, uliojengwa mwaka 1902. Ulipoacha kutumika watu hawakuubomoa. Mwaka 1995 uliunganishwa na makumbusho kwa ujia wa vioo, tangi likaondolewa kazini, na ghorofa zake zikajazwa viti vya mtu mmoja: Hans Jørgensen Wegner. Yeye mwenyewe aliupa mji wake wa kuzaliwa zawadi ya viti 37. Unapanda ngazi ghorofa kwa ghorofa, na katika kila moja unakuta viti vichache tu, vimepangwa katika duara, na nuru ya madirisha inaviangukia kwa ubavu. Hakuna kelele, hakuna maandishi mengi. Mgeni hubaki yeye na kiti.

Wegner alizaliwa Tønder tarehe 2 Aprili 1914, mtoto wa fundi viatu. Nyumbani kwao alikua akisikia nyundo na kunusa ngozi. Akiwa bado mdogo alianza kujifunza useremala kwa fundi wa palepale mjini, na alipofika miaka 17 alikuwa amekwisha hitimu. Kisha akaenda Copenhagen kwa utumishi wa jeshi, akaona mambo ya dunia, akaingia shule ya ufundi wa sanaa. Hakurudi kukaa Tønder tena. Kabla ya kufa kwake, mwezi Januari 2007, alikuwa amebuni viti zaidi ya 500. Baba mmoja aliyekuwa amepanda nasi, pamoja na watoto wake, alituuliza kwa Kiingereza cha shida: mtu mmoja anahitaji viti mia tano vya nini? Swali zuri. Jibu tulilipata ghorofa ya tatu, tulipoona viti vinne vilivyo ndugu: kila kimoja ni kile kilichotangulia, kimepunguzwa kidogo. Mguu umepungua unene. Kipande cha mbao kimeondolewa. Mtu huyu hakutafuta viti mia tano. Alikuwa akikitafuta kimoja, naye hakukipata kwa namna ya kumtosheleza.

Tukitazame kimoja kwa karibu, kile cha mwaka 1949 kiitwacho kwa kifupi kiti cha duara. Kina miguu minne, kikalio kilichosukwa, na juu yake pete ya mti ambayo ni egemeo la mgongo na mahali pa kulaza mikono pia. Pete hiyo inaonekana kama tawi moja lililopindwa. Si kweli. Ni vipande vitatu vya mbao nzito, vimeunganishwa, kisha vikachongwa vikawa kitu kimoja, kipana mahali pa mgongo, chembamba mahali pa mkono. Hapo mwanzo Wegner alikifunika kiungo kwa kukizungushia henzirani, kama mtu afichaye kiraka. Baadaye akaona hakuna haja ya kuona haya. Akakifanya kiungo cha meno, kama vidole vya mikono miwili vilivyopachanishwa, akakiacha wazi. Tangu hapo kila akitazamaye kiti huona jinsi kilivyoshikamana, na kile kilichokuwa aibu ya seremala kimekuwa uzuri wake. Mwaka 1960, Kennedy na Nixon waliposhindana kwa maneno mbele ya televisheni huko Marekani, viti hivyo ndivyo vilivyokuwa jukwaani, na tangu siku hiyo Wamarekani wengi huviita viti tu, kana kwamba vingine havipo.

Kiti kingine wasomaji labda wamekwisha kukiona, kwa maana kimenakiliwa duniani kote, vizuri na vibaya. Nyuma yake kuna kipande cha mti chenye umbo la herufi Y. Kikalio chake ni cha kamba ya karatasi iliyosokotwa, karibu mita 120 kwa kiti kimoja, nayo husukwa kwa mkono na mtu aliyeketi, kwa muda wa saa moja hivi. Hatua za kazi toka ubao hata kiti kilichokwisha ni zaidi ya mia. Kimetengenezwa tangu 1950 mpaka leo bila kukoma. Mashine hufanya kazi ya kukata, lakini kuna mahali ambapo mashine husimama na kuungoja mkono.

Katika ghorofa ya juu kabisa kuna meza kubwa ya duara, na hapo mgeni anaruhusiwa kukaa. Tulikaa. Kwa miguu yetu iliyochoka na kwa kumbukumbu ya kile kiti cha usiku wa kwanza, tulikaa kwa uangalifu, kama mtu apandaye punda asiyemjua. Kiti hakikutulazimisha lolote. Mtu aweza kukaa wima, aweza kujigeuza kando, aweza kutupa mkono nyuma ya egemeo. Popote mwili unapokwenda, mti umekwisha kufika. Kwa madirisha ya pande zote tuliona nchi tambarare mpaka Ujerumani. Watoto wa yule baba walikuwa wakizunguka meza, wakijaribu kila kiti kimoja baada ya kingine, na mlinzi wa makumbusho hakuwakemea hata kidogo.

Sasa jambo ambalo halimo katika vitabu vizuri vya wasafiri. Kila mtu husema Wegner ni fahari ya Denmaki, na kiti chake huitwa kiti cha Kidenmaki. Lakini mwaka 1914 Tønder haukuwa Denmaki. Baada ya vita vya 1864 nchi hiyo ilitwaliwa, na mji ukawa wa Ujerumani kwa miaka zaidi ya hamsini. Katika vita kuu ya kwanza Wajerumani walikuwa na mabanda ya ndege zao kubwa za gesi karibu na mji, na tarehe 19 Julai 1918 ndege za Waingereza, zilizoruka toka juu ya meli, zilikuja zikayapiga mabomu na kuziteketeza mbili. Mtoto wa fundi viatu alikuwa na miaka minne. Kisha tarehe 10 Februari 1920 watu wakaulizwa kwa kura: mnataka Denmaki au Ujerumani? Katika mji wa Tønder zaidi ya robo tatu walijibu Ujerumani. Lakini kura za sehemu yote ya kaskazini zilihesabiwa pamoja, na huko mashambani Denmaki ilikuwa imeshinda. Basi mji ukaenda ulikokwenda jirani zake. Wegner aliingia Denmaki akiwa na miaka sita, pamoja na mji ambao wengi wake hawakuutaka uhamisho huo. Leo pande zote mbili hukaa kwa amani. Wadenmaki wenye asili ya Kijerumani wana shule zao na lugha yao, na hakuna agombanaye. Sisi tuliposimama juu ya mnara tukiutazama mpaka, ambao hauna mlima wala mto mkubwa wa kuuonyesha, tulifikiri kwamba kijana aliyekulia mahali pa namna hiyo alijua mapema umuhimu wa viungo.

Bei tumeiacha makusudi mpaka hapa. Kiti cha duara kilichotengenezwa leo katika karakana yenye haki ya kukitengeneza hugharimu maelfu ya euro. Kimoja! Mwalimu hawezi. Fundi viatu wa Tønder hangaliweza kununua hata mkono wake mmoja. Tulijadiliana sana juu ya jambo hili jioni ile, tukiwa tumekula samaki na viazi. Mmoja wetu alisema ni dhuluma, kwa kuwa kiti kilibuniwa na mtoto wa maskini na sasa hukaliwa na mawakili. Mwingine alijibu kwamba bei hiyo ni mshahara: mti ukaushwe miaka, fundi ajifunze miaka, kisha alipwe apate kulea wanawe, na kwamba kiti kirahisi, kivunjikacho kabla mtoto hajamaliza shule, ndicho cha ghali kweli. Hatukupatana. Lakini asubuhi yake mji wenyewe ulituonyesha upande mwingine wa neno.

Tulikwenda katika nyumba iitwayo Drøhses Hus, ya mwaka 1672, ambamo zimehifadhiwa lesi za Tønder. Lesi, tunaposema hapa, si kile kitambaa cha dukani cha kuuzwa kwa mita. Ni kimia cha uzi mweupe, chembamba kama utando wa buibui, kinachosukwa kwa vijiti vingi vidogo juu ya mto wa mviringo, huku pini zikikishika mahali pake. Katika karne ya 17 na ya 18 mji huu na vijiji vyake viliishi kwa kazi hiyo. Wafanyi biashara walitoa uzi na vielelezo, wanawake na wasichana kwa maelfu wakasuka, na lesi ikapelekwa kwa wafalme na maaskofu na mabibi wa Ulaya. Hiyo ndiyo iliyokuwa anasa ya zamani zile. Milango mizuri tuliyoisifu jana, yenye nguzo na maua ya mawe, ni milango ya wafanyi biashara wa lesi.

Na wasukaji? Wao hawakujenga milango. Mtoto wa kike alianza kazi akiwa mdogo, wakati vidole bado laini. Saa za kazi zilikuwa zile za nuru, na nuru ilipokwisha ilikuwa mshumaa. Wasukaji wa nchi nyingi za Ulaya waliweka mbele ya mshumaa chupa ya duara yenye maji, ili ukusanye mwanga na kuutupa juu ya mto kama kijisarafu. Watu kadhaa wakaukaribia mwanga huo mmoja. Tuliposimama mbele ya ukosi mmoja wenye maua na majani, kazi ambayo hatuwezi hata kuhesabu miezi yake, tuliukumbuka ule mwanga. Uzuri wake haukanushiki. Ni mzuri mno. Lakini aliyeuvaa alikaa mahali pamoja, na aliyeupofukia alikaa mahali pengine, wala jina la wa pili halikuandikwa popote. Karne ya 19 mashine zikaanza kufuma lesi rahisi, mavazi ya wakubwa yakabadilika, na kazi ikafa. Wafanyi biashara walikuwa na nyumba za kuuza. Wasichana walibaki na mito.

Basi yule mwenzetu aliyesema kwamba bei ya kiti ni mshahara alipata nguvu. Kwa maana kama kuna tofauti kati ya anasa hii na ile, tofauti haiko katika uzuri, wala hata katika mnunuzi. Iko katika swali moja la kuuliza kabla ya kutoa fedha: yeye aliyeitengeneza amekula? Seremala wa leo wa Denmaki amekula, ana likizo, na jina lake liko katika chama cha wafanyakazi. Mwenzetu mwingine hata hivyo alishika neno lake. Alisema hata mshahara mwema haumfanyi fundi viatu akae juu ya kiti kile. Nasi hatuna la kumjibu.

Magharibi ya mji, mwendo mfupi wa baiskeli, kuna kijiji cha Møgeltønder. Huko wageni wa anasa hufurahi sana. Njia yake moja, Slotsgade, ina mawe chini na miti ya lindeni pande mbili, na nyumba za matofali zilizoezekwa kwa matete. Mwisho wa njia iko ngome ya Schackenborg, ambayo mfalme alimpa jemadari Hans Schack mwaka 1661. Mwana wa mfalme aitwaye Joachim alikaa humo toka 1995 mpaka 2014, na sasa ni mali ya wakfu. Kanisani kuna kinanda cha mabomba cha 1679 ambacho bado kinapigwa. Ni pazuri. Tulipita, tukapiga picha, tukarudi. Labda ni kosa letu, lakini mahali ambapo kila kitu kimekwisha kupangwa kwa ajili ya jicho hutufanya tuwe wavivu.

Yaliyotushika zaidi yalikuwa mambo ya uwanda. Ukiendesha kwenda kaskazini, karibu na Skærbæk, unaona chuma chekundu cha kutu kimezunguka hewani: ni mnara uitwao Marsktårnet, uliobuniwa na kampuni ya msanifu Bjarke Ingels na kufunguliwa mwaka 2021. Ngazi ya kupandia na ngazi ya kushukia zimesokotana, hata wanaopanda hawakutani na wanaoshuka. Juu yake, mita 25 toka chini, unaelewa nchi hii imefanywa na nini. Upande mmoja shamba, upande mmoja bahari ya matope ambayo hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na katikati tuta la udongo lenye majani, kama mshono wa nguo. Bahari hiyo ya kupwa na kujaa iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia, upande wa Denmaki mwaka 2014. Na katika majira ya kuchipua na ya kupukutika majani, kwezi hukusanyika jioni juu ya matete kwa mamia ya maelfu. Hugeuka pamoja angani, wakawa wingu, wakawa utepe, wakawa yai. Mwewe akiingia kati yao wingu hupasuka na kufunga tena. Wenyeji huliita jua jeusi. Tulisimama kandokando ya njia pamoja na watu wapatao thelathini, wengine wametoka kwenye magari ya thamani kubwa, wengine wamekuja na baiskeli na chupa za chai, na kwa dakika ishirini hakuna aliyesema neno.

Hayo ndiyo mambo ambayo Tønder hutumaini kula nayo sasa. Tumaini hilo si la mchezo. Kama walimu tulitafuta chuo cha ualimu cha mji huo, kilichoanzishwa mwaka 1788, miongoni mwa vya kwanza vya nchi; kilifungwa mwaka 1989. Katika njia kuu tuliona maduka mazuri, na kati yake madirisha matupu yenye karatasi ya kupangisha. Vijana huenda miji mikubwa, kama Wegner alivyokwenda. Kazi hazikosekani kabisa: huko Bredebro, kilometa chache kaskazini, mtu aitwaye Karl Toosbuy alianzisha mwaka 1963 kiwanda cha viatu cha Ecco, ambacho sasa kinajulikana duniani, na tulifurahi kuona kwamba nchi ya mtoto wa fundi viatu haijasahau ngozi. Lakini kiwanda kimoja hakiwezi kuwasha taa za mji mzima. Mwenye duka la kahawa alituambia kwamba wiki ya ngoma, mwishoni mwa Agosti, hapatikani mahali pa kuegesha baiskeli. Na kwamba mwezi wa Februari yeye huwajua kwa jina wote waingiao.

Siku ya mwisho tulirudi kwa wenye lesi. Kazi hiyo haikufa kabisa. Wako wanaoifanya kwa kuipenda, na kila miaka mitatu mji hufanya sikukuu yake, wasukaji wakija toka nchi nyingi. Mama mmoja alikuwa ameketi karibu na dirisha, mto magotini, vijiti vikilialia kama mvua ndogo. Alipoona tunatazama sana, alivuta mto wa pili, wa wanafunzi, akatuonyesha: hivi juu ya hivi, geuza, pini. Sisi, tuliofundisha watoto kushika kalamu, tulivishika vijiti vile kama watu wasio na vidole. Tukifungua tulichofunga, tukifunga tusichotakiwa, tulifanya kazi karibu saa nzima. Matokeo yake yalikuwa utepe usiopita ukucha wa kidole gumba, na una kasoro mbili. Tulimwuliza mama angeuuza utepe kama ule, lakini mzuri, kwa bei gani. Alicheka, akasema hauzi, kwa kuwa hakuna awezaye kumlipa saa zake. Kisha akachomoa pini zetu moja moja, akaufumua utepe wetu, akaurudisha uzi kwenye vijiti, kwa maana alikuwa na mwanafunzi anakuja saa tisa.